Maji Yalikuwamo: Wasifu wa Mzee Anselm Ngumbao Nyale, 1955–2025

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Vishakani, na nyinyi wageni mliotoka Malindi, Kilifi na Matsangoni: poleni, na asanteni kwa kuja. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na mdogo wa marehemu, Kalama Nyale. Ni mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. Marehemu mwenyewe alitaka uwe hivyo, kwa sababu ndani yake kuna neno moja alilotuagiza lisemwe mbele ya watu wengi kabla hajafunikwa udongo. Neno hilo linamhusu Mzee Karisa Kombe, mgema, ambaye familia imemwomba akae safu ya mbele. Tutalifikia. Tukianza nalo baadhi yenu hamtalielewa, kwa hiyo tuanze pale alipoanzia yeye.

Marehemu Anselm Ngumbao Nyale alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Aprili 1955, hapa hapa Vishakani, Kaloleni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Nyale wa Thoya na marehemu Mama Nyevu wa Charo. Baba yetu alikuwa mgema. Minazi yake ilikuwa thelathini na minane, na aliipanda asubuhi na jioni, kotama ya kugemea kiunoni na kibuyu begani. Alikuwa na mchezo wake: akishuka, kabla hajamimina, alimwita mtoto mmoja achovye kidole, aonje, kisha aseme tembo lile limetoka mnazi gani. Sisi wengine tulibahatisha tu. Ngumbao hakubahatisha. Akiwa na miaka saba alionja akasema, "Hili ni la ule mnazi ulioinama, karibu na zizi." Baba akamuuliza amejuaje. Akajibu, "Linachelewa kuwa tamu. Linakuja nyuma." Baba aliweka kibuyu chini, akamwambia Mama, "Huyu ulimi wake una macho."

Lakini tuseme ukweli wote, kwa maana hapa kuna wazee wanaoujua. Mtoto huyo wa mgema aliogopa kupanda. Alijaribu mara moja tu, mwaka 1964. Alifika nusu ya mnazi, akaukumbatia, akafumba macho, akakataa kwenda juu wala chini. Aliyepanda kumshusha alikuwa mtoto wa jirani, rika lake, Karisa Kombe. Alimweka mgongoni akashuka naye huku akimwambia, "Ukinikaba shingo, Ngumbao, tutafika sote wawili haraka kuliko unavyotaka." Tangu siku hiyo walikuwa kitu kimoja. Karisa alijifunza ugema kwa baba yetu, kwenye minazi ile ile. Karisa alipanda, Ngumbao alionja. Baba alikuwa akisema kwamba ukiwaunganisha hao wawili unapata mgema mmoja kamili, mwenye miguu minne.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa Kaloleni, kuanzia 1963 hadi 1969, akafaulu mtihani wa darasa la saba. Karo ya sekondari haikupatikana. Hakuwahi kulalamika juu ya hilo, ila alikuwa hapendi mtu aseme mbele yake kwamba hakusoma. Alisoma. Alisoma vibandiko vya chupa, vitabu vya wageni vilivyosahauliwa vyumbani, na kamusi moja ya Kiitaliano isiyokuwa na jalada, aliyoisoma kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho kama mtu asomavyo hadithi. Waitaliano wa Malindi walikuwa wakimuuliza aliishi mji gani wa kwao. Akiwajibu "Kaloleni," walidhani ni kijiji fulani cha kusini.

Mwezi Machi 1974 alikwenda Malindi akapata kazi ya kuosha glasi katika hoteli ya Sinyora Ornella, barabara ya Casuarina. Baada ya miaka mitano aliingizwa baa. Mwaka 1986 Sinyora alimfanya msimamizi wa mvinyo, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa mpaka alipostaafu tarehe 30 Aprili 2015. Jinsi alivyoipata kazi hiyo inafaa kusimuliwa. Kulikuja shehena ya mvinyo wa bei kubwa kutoka kwao Sinyora. Wageni walikuwa wakiunywa na kuusifu, maana walikuwa wameona bei. Ngumbao alikuwa akionja masazo chini ya glasi kabla hazijaoshwa. Siku moja akamwendea Sinyora akamwambia, kwa Kiitaliano chake cha kamusi, kwamba mvinyo ule umepikwa. Sinyora akashangaa. Ngumbao akamweleza: makasha yalikaa bandarini juani wiki tatu, mvinyo ukachemka ndani ya chupa, na kinachosifiwa ni kibandiko. Sinyora alionja, akarudisha shehena nzima. Kisha akamuuliza, "Wewe nani amekufundisha?" Akasema, "Mnazi ulioinama."

Kuanzia hapo Sinyora hakununua mvinyo bila yeye. Alisafiri naye kwenda kwenye mashamba ya mizabibu, na kazi yake ilikuwa moja: kusema kama mvinyo ghali unastahili bei yake au haustahili. Safari ya kwanza ilikuwa Oktoba 1991, Italia, kwenye vilima vya Piemonte. Kulikuwa na baridi ambayo, kwa maelezo yake, iliingia hadi kwenye meno. Mwenye shamba aliwashusha ghalani, chini ya ardhi, akawapangia chupa tano kuanzia ya bei ndogo hadi ya bei kubwa. Ya tano, bei yake ingenunua ng'ombe wa maziwa. Mwenyewe aliishika kama anavyoshikwa mtoto mchanga.

Ngumbao akasema, "Samahani, mzee. Naomba zifunikwe."

"Zifunikwe kwa nini? Huna imani na mimi?"

"Sina imani na macho yangu. Yameshaona bei."

Hapakuwa na kitambaa. Basi akafungua begi lake, akatoa soksi mpya alizonunuliwa na mkewe kwa ajili ya baridi, zikiwa bado na karatasi, akazivika chupa moja moja. Wakazichanganya. Akaonja, akatema, akaonja tena. Alipomaliza alizipanga. Ile ya ng'ombe ilitoka ya tatu. Mwenye shamba alipandisha sauti, Sinyora akaishusha, na mwishowe wakanunua iliyotoka ya kwanza, ambayo bei yake ilikuwa ya mbuzi wawili. Soksi hazikuvaliwa tena miguuni. Zilikuwa soksi za kazi, na zilikwenda naye Naivasha mwaka 2004, Dodoma kwa basi mwaka 2009, na Italia mara nyingine tatu. Leo zimo pamoja naye ndani ya jeneza. Aliyeziosha ni mkewe, Mama Janet.

Wapo waliodhani alikuwa anachukia vitu ghali. Sivyo. Huko huko Piemonte, safari ya 1996, alikuta shamba dogo la mama mmoja mjane aliyekuwa na mvinyo ghali kuliko wote wa bonde lile, na majirani wakimcheka kwamba anajidanganya. Ngumbao alivika soksi, akaonja, akaketi chini. Sinyora alidhani anaumwa. Akasema, "Huu nunua. Huyu mama anauza kwa hasara." Alikuwa na kipimo chake, na alitufundisha sote: mimina glasi moja, unywe, uendelee na mazungumzo yako. Ukiona mkono umekwenda wenyewe kwenye chupa bila wewe kuutuma, mvinyo huo unastahili. Ukibaki umeishika glasi unatafuta maneno ya kuusifu, umelipia kibandiko. Kipimo hicho alikitumia pia kwa pilau, kwa mahubiri, na kwa hotuba za wanasiasa. Baba Paroko atusamehe. Mahubiri yako yalifaulu.

Alimwoa Bi. Kadii wa Dena, wa Matsangoni, na ndoa yao ilibarikiwa kanisani tarehe 4 Desemba 1982. Hapa pia tembo liliingia. Siku ya kupeleka mahari upande wetu ulipeleka tembo kama ilivyo desturi, na kama mnavyojua, aliyeleta ndiye huonja kwanza, ili wenyeji wajue kwamba hakuna baya lililowekwa ndani. Ami yetu mmoja, ambaye tumwache alale salama, alikuwa amenunua tembo la siku mbili kwa bei nafuu. Bwana harusi alipewa kata aonje. Kazi yake ilikuwa kuonja na kunyamaza. Akaonja, akaiweka kata chini, akasema mbele ya wakwe, "Wazee wangu, hili lisinywewe. Limelala."

Ami alimkanyaga mguu. Mzee mmoja wa upande wa pili akasema, "Kwani bwana harusi ni wa upande gani huyu?" Shughuli ikasimama. Tulirudi nyumbani na mbuzi wetu, na ilichukua siku tatu kuleta tembo jingine. Mama yetu alilia akijua mke amekwenda. Lakini Mzee Dena, baba yake Kadii, alipoulizwa kama bado anakubali, alisema hivi: "Mtu anayekataa tembo lake mwenyewe mbele ya wakwe, huyo hawezi kunidanganya kuhusu binti yangu. Mpeni." Aliyegema lile tembo la pili na kulifikisha Matsangoni likiwa bado linatoa povu alikuwa Karisa Kombe. Hakukubali kulipwa.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Janet, Cynthia na Oliver. Nyumbani kwao Malindi kila Jumapili kulikuwa na zoezi. Mama Janet alivika chupa soksi jikoni, akazibadilisha atakavyo, akamletea mumewe. Wakati mwingine alimtilia chai baridi. Alikuwa akikasirika, lakini akiijua: "Mama Janet, hii ni ya Kericho." Watoto walikua wakijua kwamba baba yao anaweza kukosa mambo mengi, anaweza kusahau siku ya mkutano wa wazazi, lakini akisema kitu kuhusu kilichomo ndani ya glasi, hilo limekwisha.

Na hapo ndipo tatizo lilipoingia. Watu wakikuamini sana, neno lako linakuwa zito, na neno zito likimwangukia mtu linamvunja.

Jumamosi, tarehe 16 Desemba 2006, Sinyora Ornella alifanya karamu. Alitaka kuanza kuwapa wageni wake tembo la mnazi la Kaloleni kwenye glasi za mvinyo, liwe kinywaji cha hoteli, na mgema atakayechaguliwa awe na kazi ya mwaka mzima. Walialikwa wagema watatu. Mmoja wao alikuwa Karisa. Ngumbao angeonja mbele ya wote, chupa zikiwa ndani ya soksi, ili pasiwe na upendeleo. Karisa alikuwa na uhakika. Alimwambia mkewe asubuhi ile, "Leo Ngumbao atanijua hata nikiwa ndani ya soksi."

Saa tano Ngumbao alionja chupa ya kwanza akatikisa kichwa kukubali. Ya pili vile vile. Akaonja ya tatu. Akarudia. Wageni karibu sitini walikuwa wakimtazama, na wagema, na wafanyakazi wote. Akasema kwa sauti yake ile isiyokuwa na shaka, kwa Kiswahili na kisha kwa Kiitaliano, "Hili lina maji. Mgema wake ametuongezea maji."

Soksi ikavuliwa. Lilikuwa la Karisa.

Karisa alisimama. "Ngumbao, angalia maneno yako. Ni mimi huyu."

Ngumbao akajibu, "Ulimi wangu haujui jina la mtu."

"Basi uulize. Uliza kwanza."

"Niulize nini? Maji yamo."

Karisa alichukua madumu yake akaondoka. Wageni ambao hamtoki Kaloleni, tuwaeleze: kumwambia mgema kwamba ametia maji ni kumwambia mkunga kwamba ameiba mtoto. Habari ilifika hapa kabla yake. Kwenye mangwe, vilabu vya tembo, walikuwa wanamsubiri. "Karisa, leo bomba limefunguliwa?" "Karisa, la kwako tunywe au tuogee?" Na kutoka siku ile akaitwa Bomba. Aliacha kugema tembo la kuuza. Aligema la nyumbani tu. Watoto wake waliitwa watoto wa Bomba, na wajukuu wake, ambao mwaka ule walikuwa hawajazaliwa, wameitwa hivyo shuleni. Yeye na Ngumbao hawakusemezana tena. Baba yetu alipofariki mwaka 2010, Karisa alikuja mazikoni, akachimba kaburi pamoja na wengine, akanawa mikono, akaondoka bila kula.

Ngumbao hakuyumba. Mama Janet alimwambia mara nyingi, "Baba Janet, Karisa si mtu wa kutia maji." Jibu lake lilikuwa lile lile: "Najua. Lakini maji yalikuwamo."

Mwezi Agosti 2023 alianza kupata taabu ya kumeza. Hospitalini Mombasa aliambiwa ni saratani ya koo. Alitibiwa kwa miale kuanzia Oktoba, wiki sita na nusu, akaenda na kurudi bila manung'uniko, akiwatania wauguzi kwamba maji ya hospitali yao yana ladha ya mwaka mbaya. Kisha ladha ikaondoka. Siku ya Krismasi Mama Janet alimpa kijiko cha mchuzi wa nazi, akakitazama kijiko. Akasema, "Ni moto." Hicho tu ndicho alichoweza kukijua.

Machi 2024 alikuja kumjulia hali Bi. Phoebe, ambaye alifanya naye kazi baa kwa miaka kumi na saba kabla ya kurudi kwao Homa Bay. Tunamshukuru kwa kuturuhusu kuliandika hili. Walikuwa wanakumbushana mambo na kucheka. Phoebe akasema, "Mzee Anselm, wewe na sheria zako za ubaridi! Siku ile ya wagema ulinitoa jasho. Yule wa kwanza alifika saa mbili asubuhi, stoo imefungwa, mwenye ufunguo wa friji hajaja. Nikasema Mzee akikuta kinywaji cheupe kimepata joto leo atanifukuza. Nikatia barafu kwenye jagi lake, jagi zima. Ikayeyuka, nikatia nyingine. Wale wawili walichelewa, wakakuta friji iko wazi, wao nikawaweka kwenye friji tu."

Ngumbao aliacha kucheka. Akauliza, "Huyo wa kwanza alikuwa nani?"

"Jina nimesahau. Mrefu, ana kovu kwenye goti. Alikuwa na haraka lisije likaharibika."

Kovu lile analijua kila mtu hapa. Alilipata kwenye mnazi wa baba yetu.

Basi ulimi haukukosea. Maji yalikuwamo. Yalikuwa ya barafu ya hoteli, yametiwa kwa amri ya Ngumbao mwenyewe, kwa sheria aliyowafundisha wafanyakazi wake kwamba kinywaji cheupe hutolewa baridi. Karisa aliadhibiwa kwa kufika mapema kuliko wenzake. Mtu aliyefunika chupa maisha yake yote ili asihukumu kabla ya kuonja, siku ile alionja sawasawa kisha akahukumu bila kuuliza. Na aliambiwa aulize. Haya ni maneno yake mwenyewe, tumeyaandika kama alivyoyasema.

Wiki iliyofuata Janet alimleta Vishakani. Walimkuta Karisa uani kwake anafunga mbuzi. Hawakuwa wamesimama karibu hivyo kwa miaka kumi na saba.

Karisa akasema, "Umekuja kuonja tena?"

"Nimekuja kukuomba radhi." Akamweleza yote: friji, ufunguo, barafu, Phoebe. Karisa alisikiliza mpaka mwisho akiwa bado ameshika kamba ya mbuzi.

"Ngumbao," akasema, "ulinivunjia jina mbele ya watu sitini na Wazungu. Leo unaniomba radhi mbele ya mbuzi watatu. Nenda kaseme mbele ya watu."

"Nitasema."

"Na kabla hujasema, kaa." Akaingia ndani, akatoka na tembo la asubuhi ile, akaonja yeye kwanza, akampa kata. "Haya. Onja. Uniambie lina nini."

Janet anasema alijua baba yake hawezi kuonja chochote, na alimwombea Mungu aseme tu kwamba ni zuri, waende nyumbani. Neno moja lilitosha. Ngumbao alionja, akaliweka mdomoni muda mrefu, akameza kwa shida. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Sijui, Karisa," akasema. "Sionji kitu tangu miale. Nikisema ni zuri nitakuwa nimekusingizia mara ya pili."

Karisa alimtazama. Kisha akacheka, kile kicheko chake kinachoanzia tumboni, akasema, "We mtu mgumu, we! Hata wema unataka risiti!" Wakaketi hadi adhuhuri. Alipoondoka Karisa alimshika mkono mpaka garini, lakini alimkumbusha: "Mbele ya watu, Ngumbao. Sijasahau."

Ilipangwa siku, Agosti, kwenye uwanja wa kanisa. Lakini Julai saratani ilirudi, madaktari wakaondoa kisanduku cha sauti, na ile sauti isiyokuwa na shaka ikaisha. Kuanzia hapo aliandika kwenye daftari. Tulimwambia Kalama atamsomea siku ile. Akaandika: "Watu hawatakuja kusikiliza mgonjwa anayesomewa. Ngojeni mazishi yangu. Watakuwa wengi kuliko sitini." Mama Janet akalia. Ngumbao akaongeza chini yake: "Na wekeni kwenye karatasi, ili asiyefika aisome."

Mzee Anselm Ngumbao Nyale alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Malindi, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa. Ukurasa wa mwisho wa daftari lake tunausoma hapa neno kwa neno:

"Mimi Ngumbao wa Nyale nasema mbele ya watu wote: Karisa Kombe hakutia maji. Hakutia siku ile wala siku nyingine yoyote niliyomjua. Maji yalikuwa yangu. Jina la Bomba ni langu, nizikeni nalo."

Basi, ndugu zetu, mmesikia. Wenye mangwe mmesikia. Walimu mliokuja, mmesikia. Jina hilo linaingia kaburini leo pamoja na aliyelileta, na familia ya Nyale inaomba lisifukuliwe na mtu yeyote, hata kwa utani.

Marehemu ameacha mjane, Mama Kadii wa Dena, watoto watatu, Janet wa Malindi, Cynthia aliye Kilifi na Oliver aliye Nakuru, wakwe wawili, wajukuu watano, ambao mmoja, Nyale mdogo, tayari anakataa maziwa ya paketi, ndugu wanne, Kalama, Kahindi, Sidi na Riziki, na rafiki mmoja, Karisa Kombe, ambaye familia inamhesabu hapa, kwenye orodha ya wafiwa, mahali pake.

Tangazo dogo la mwisho. Tulimwendea Mzee Karisa kumwomba agemee mazishi haya. Alikubali, akapanda mwenyewe, akiwa na miaka yake sabini. Sharti lake lilikuwa moja: "Barafu, hapana." Baada ya maziko hakuna mtu atakayekunywa kabla ya desturi kutimizwa. Karisa ataonja kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeleta. Kisha Mama Kadii, ambaye hajagusa tembo tangu mwaka 1990, na ambaye Baba Paroko amemruhusu kata moja, ataonja kwa niaba ya mumewe, na atasema kwa sauti lina nini na halina nini. Tulimuuliza Mzee Karisa kama ana wasiwasi. Akasema, "Aonje. Kadii naye ni wa nyumba ile ile, hawezi kunipendelea."

Mungu ampokee mja wake Anselm Ngumbao, ampumzishe, na amani atakayompa isiwe na tone la maji.